Vilemba vya kuvaa tayari, uzoefu wangu mama wa miaka 60

Jamani wamama wenzangu, nywele zikifika umri huu hazina adabu. Zangu za pembeni zilishaondoka na kusukwa kwa kubana miaka ile, katikati ndo zipo zipo, nusu mvi nusu piko iliyochuja, siku nyingine hata twende kilioni hazikubali. Sa hivi navaa vilemba vilivyoshonwa tayari, unatumbukiza kichwa kama kofia umemaliza, sio kusimama mbele ya kioo mikono juu na mabega yenyewe yanauma.

Nilianza na cha velveti chenye fundo mbele, Kariakoo elfu 7. Kizuri sibishi, ukitia na hereni unaonekana mama mwenye heshima zake. Ila kwa joto la Dar la mwezi wa pili hapana, unashuka kwenye daladala shingo yote maji. Halafu changu kilikuwa damu ya mzee kikachuja, navua jioni mvi za mbele zimekuwa za pinki, wajukuu walicheka mpaka basi. Ukipenda velveti chukua nyeusi, au kiloweke kwanza uone maji yanatoka rangi gani.

Cha kitenge chenye waya ndani niliagiza mtandaoni, elfu 15 na hela ya bodaboda juu yake. Kwenye picha kilikuwa moto, kilichokuja kigumu kama boksi, na waya unachoma juu ya sikio palepale mguu wa miwani unapopita! Wanaovishona nadhani ni mabinti macho yao bado mazima. Fundi wa mtaani kwetu alitoa waya akatia bitana, sasa nakivaa kanisani na kwenye vikao vya harusi, lakini kutwa nzima siwezi.

Cha kila siku ni kile cha kitambaa laini kama cha tisheti, kinavutika, hakina makeke, ndani bitana ya satini. Hiyo satini msiidharau, maana pamba tupu inanyonya mafuta yote uliyopaka na kusugua hivyo vinywele vichache vilivyobaki pembeni. Ubaya wake inateleza, ukiinama kuwasha jiko kilemba kinakimbilia kisogoni, mimi nakibana na pini mbili nyuma basi. Lastiki nayo iangalieni, iwe nyuma tu, ikizunguka kichwa chote unavua una mstari kwenye paji na kichwa kinagonga.

Kabla hujatoa hela geuza ndani nje uone mishono na bitana, muuzaji akinuna achana naye. Na hiyo frisaizi wanayosema ni ya vichwa vya watoto wao, kijaribu hapohapo na miwani yako.

Mi natafuta cha rangi ya maziwa chenye bitana ya satini, mwenye kujua kinapouzwa aniambie, vyote ninavyoviona havina kitu ndani.