TAHADHARI: Muuza wikiendi za wapenzi kaniingiza mjini, na namba ya bukingi ilikuwa halali kabisa

Jamani, kama una mpango wa kumtumia pesa yule kaka anayeuza "wikiendi ya taratibu kwa wawili", weka simu chini kwanza. Ndiyo, huyo huyo mwenye picha ya mashuka meupe na maua mekundu yaliyopangwa kitandani kwa umbo la moyo. Nimelizwa. Nimelizwa mbele ya mume wangu, mbele ya dada wa mapokezi, na mbele ya wapenzi wengine waliosimama nyuma yetu na masanduku yao wakijifanya wanaangalia simu.

Mnaonijua mnajua kwa nini ile wikiendi ilikuwa muhimu, sitarudia hapa. Baada ya mwaka ule mgumu kwenye ndoa yetu na vile vikao, nilimwambia shemeji yenu neno moja tu: Ijumaa ukitoka kazini usipange chochote.

Tukafika hotelini giza linaanza kuingia. Mimi nimevaa lile gauni la kijani, yeye begi moja begani, anatabasamu kama mtu asiyejua anakopelekwa lakini kaamua kufurahi. Nikaenda kaunta kifua mbele. Karatasi ya uthibitisho nilikuwa nimeichapa, tena kwa rangi, nikaiweka mezani nikaisukuma kwa kidole. Dada wa mapokezi akaandika namba. Akaiandika tena. Akaniuliza jina la pili linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja. Akasogeza uso karibu na kompyuta, akanyamaza, halafu akatumia ile sauti ya upole ambayo ukiisikia hospitalini unajua mambo si mazuri.

"Dada, bukingi yenu ipo, ila ilifutwa."

"Imefutwa na nani?"

"Na aliyeiweka."

"Aliyeiweka si ni mimi?"

Akaigeuza kompyuta kidogo nione. Jina langu lipo. Tarehe zetu zipo. Chumba ni kile kile. Mbele yake kwa rangi nyekundu: imefutwa, Jumatano usiku. Chini kuna anwani ya barua pepe ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Halafu kuna mstari mmoja mdogo ambao hadi leo nikifumba macho nausoma: malipo, mgeni atalipa atakapofika. Yaani hakuna hata senti moja iliyowahi kufika pale.

Nikampigia. Ikaita kidogo, ikakatwa. Nikaandika meseji, ikabaki na tiki moja. Nikatazama picha yake ya wasifu, haipo. Kanibloku nikiwa nimesimama kaunta, karatasi ya rangi mkononi! Shemeji yenu akaweka begi chini, akauliza taratibu, "Kwani ulishalipa?" Angefoka ningejua la kumjibu. Kwa upole ule nilitamani sakafu inimeze.

Hoteli imejaa, wikiendi hiyo. Dada wa watu alijitahidi, akapiga simu mbili tatu kwa wenzake, tukapata chumba mbali kabisa na huko tulikotaka kuwa, dirisha linatazama maegesho ya mabasi. Tuliposimama nje kusubiri gari, shemeji yenu akaichukua ile karatasi akaisoma chini ya taa. "Imeandikwa ghorofa ya nne, upande wa bustani," akasema. Akainua kichwa akahesabu madirisha kwa kidole. Jengo lina ghorofa tatu.

Sasa najua kuna watakaosema, "Mtu mzima na akili zako." Subirini kidogo.

Kwanza, yule mtu alinielewa kuliko wauzaji wote niliowahi kuwaandikia. Wengine wote nikisema wikiendi ya wawili mjini wananitumia ratiba ya kijeshi: saa mbili makumbusho, saa nne soko, saa sita mnara, saa nane basi la kuzungushwa. Mimi nilitaka hoteli ndogo katikati ya mji, ukitoka mlangoni unatembea kwa miguu, gari tusilione hadi Jumapili. Yeye akanijibu kwa ujumbe wa sauti, ametulia, hana haraka: "Dada yangu, watu wanajaza ratiba mpaka wanarudi nyumbani wamegombana. Siku moja, jambo moja. Asubuhi msipangiwe kitu." Akaniambia nichukue chumba cha upande wa bustani, si cha barabarani, maana Ijumaa usiku katikati ya mji hakulaliki. Kwamba kuchelewa kutoka chumbani Jumapili kunaombwa mapema, usingoje asubuhi ile wageni wapya wameshapangiwa. Kwamba meza ya chakula cha jioni Jumamosi iwekwe mapema, kabla ya msongamano, halafu mtembee mkishashiba badala ya kutembea na njaa mkitafuta pa kula, maana hapo ndipo ugomvi wa wapenzi huanzia. Yote ni kweli! Hata leo mtu akiniomba ushauri wa wikiendi ya namna hiyo nitampa maneno ya tapeli, na hilo linaniuma kuliko hata pesa.

Pili, alikataa pesa yangu. Niliomba aongeze safari ya mashua Jumamosi mchana, na watu wa masaji waje chumbani jioni. Akasema hapana. "Utamchosha shemeji. Mchana uacheni wazi, mkiamka mkitaka mashua mtaipata hapo hapo." Mfanyabiashara gani anakataa kuongezewa? Pale ndipo moyo wangu ulipotulia kabisa, na sasa naona ndicho alichokuwa anakitafuta. Alikataa kidogo ili akichukua chote nisiulize.

Tatu, nilipiga simu hotelini. Hili naomba mlisome mara mbili, wale wa "ungepiga simu". Nilipiga! Na namba sikuichukua kwake, niliitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya hoteli. Nikauliza, kuna nafasi kwa jina hili, tarehe hizi? Wakasema ndiyo, ipo, karibuni sana. Niulize nini tena?

Kumbe kuna la kuuliza, na nimelijua kwa yule dada wa mapokezi, kwa kuwa anasema si mimi wa kwanza kusimama pale. Mchezo wenyewe ni huu. Jamaa anaingia kwenye tovuti ya kubuku vyumba kama mtu yeyote. Anachagua chumba kinachoruhusu kufuta bure na kulipia ukifika. Hapo hatoi chochote. Anaandika jina lako wewe, ila barua pepe na namba ya simu anaweka zake. Hoteli inapokea, mfumo unatoa namba, kila kitu halali. Uthibitisho halisi unamfikia yeye, anakata pale palipoandikwa bei na jinsi ya kulipa, anaweka nembo yake na maua yake (na ghorofa za kubuni), anakutumia. Ukipiga hotelini wanakubali, maana jina lako lipo kweli. Wewe unamlipa yeye. Siku ya mwisho ya kufuta bila faini ikikaribia, ambayo kwa vyumba vya namna hiyo mara nyingi ni siku moja au mbili kabla ya kuingia, anafuta. Taarifa ya kufutwa inakwenda kwenye barua pepe yake. Wewe wakati huo unapiga pasi gauni la kijani.

Na malipo yenyewe, jamani. Mtu aliyenibembeleza kwa utaratibu muda wote ule, siku ya malipo kageuka moto. "Dada, hoteli wananisumbua, kuna mteja mwingine anakitaka hicho chumba, mwisho wao saa kumi na mbili leo." Nilikuwa kwenye foleni, simu ina chaji nyekundu, akaunti aliyonitumia ina jina la mwanamke nisiyemjua. Nikauliza. Akasema ni mhasibu wao, akaunti ya kampuni iko kwenye marekebisho. Nikatuma. Akajibu kwa kile kiumbo cha mikono miwili iliyoshikana na "Mungu awabariki ndoa yenu". Ndoa yangu! Mtu anaiba huku anaiombea ndoa dua!

Ndiyo maana wanaonitumia meseji za "mwachie Mungu" naomba wapumzike. Mungu nimemwachia ya kwake, ya duniani nayafuatilia mwenyewe. Nimeshatoa taarifa polisi na benki, ndiyo maana jina lake na la ukurasa siyaandiki hapa, nimeambiwa nisimshtue. Ila natamani siku atakayokamatwa iwe Ijumaa jioni, ofisi zimefungwa. Naye apate wikiendi ya taratibu. Asiharakishwe. Asubuhi asipangiwe kitu. Apewe chumba kisichotazama barabara, na kutoka kwake kuchelewe mpaka hakimu atakapoona inafaa. Na huyo "mhasibu" mwenye akaunti apewe cha pembeni yake, kwa sababu mtu haazimishi akaunti yake bila kujua inaingia nini.

Benki nao wamenijibu kwa lugha yao: ulituma kwa hiari yako, kwa namba sahihi, na pesa ilitolewa muda mfupi baadaye. Ningelipa kwa kadi, wanasema, ningekuwa na njia ya kuyapinga malipo kwa sababu huduma niliyolipia haikutolewa, na benki yangu ingeidai benki ya upande wa pili. Ukimtumia mtu moja kwa moja kwenye akaunti yake, kuirudisha pesa ni hadithi nyingine. Kwa hiyo muuzaji wa safari anayekataa kadi na kung'ang'ania akaunti ya mtu binafsi, hapo usijadiliane naye.

Mnaniuliza dalili. Sawa, ingawa nikizifikiria napandwa na hasira upya.

Hotelini usiishie kuuliza "jina langu lipo?" Uliza: imelipiwa? Imelipiwa na nani? Barua pepe iliyoandikwa pale ni ipi? Inaweza kufutwa hadi lini? Wengine hawatakusomea barua pepe kwa simu kwa sababu ya faragha, basi wasomee ya kwako na uwaombe wakujibu ndiyo au hapana, kisha uombe waweke ya kwako na wakutumie uthibitisho wao wenyewe. Hoteli nyingi zitakusaidia, ni kazi ya dakika chache.

Ukurasa wake: wateja wote kwenye picha wamegeuka migongo. Nilidhani ni mahaba, kumbe hakuna mteja. Maoni kayafunga. Facebook kuna sehemu ya uwazi wa ukurasa inayoonyesha ulifunguliwa lini na umewahi kuitwa nani. Huu wa kwake kabla ya mapenzi ulikuwa unauza nywele bandia. Picha ya kile kitanda cha maua niliiweka kwenye Google Lens baada ya yote, ikaleta hoteli ya bara jingine kabisa. Tovuti yake ina alama ya kufuli pale juu, na mimi kufuli lile liliniridhisha. Kufuli linaonyesha tu kwamba mnayoandikiana hayasomwi na mtu mwingine njiani, halisemi aliye upande wa pili ni nani, na cheti chake kinapatikana bure. Kulikuwa na mengine, nimeyasahau. Ah, na hakuwahi kukubali simu ya video, kila nikijaribu yuko "na wateja, mtandao mbaya".

Lakini nisiwageuze nyinyi kuwa wapelelezi. Kosa ni la mwizi. Nimechoka na nchi nzima kumwuliza aliyeibiwa alikuwa anafikiria nini, hakuna anayemwuliza aliyeiba. Huyu mtu anasikiliza watu wakimweleza matatizo ya ndoa zao, nilimweleza mengi ambayo hata baadhi yenu sijawaambia, anachukua hayo anayageuza kuwa bei. Kwangu hilo lina adhabu yake mbali na ya pesa. Kama sheria haina kifungu hicho, wakitafute.

Leo asubuhi rafiki yangu kanitumia skrinishoti. Jina jipya la ukurasa, namba mpya, kitanda ni kile kile, maua ni yale yale, na ofa ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kama umeshamlipa na tarehe zako hazijafika, usimwandikie, usimtukane, usimwonyeshe kwamba unajua, maana akishtuka anafuta leo leo. Piga kwanza benki uliyotumia, waombe wajaribu kuzuia kama pesa bado ipo upande wa pili. Kisha piga hotelini, waeleze, waombe chumba kiwekwe upya kwa mawasiliano yako hata kama ni cha kulipia ukifika, angalau usisimame kaunta kama mimi. Tunza meseji zote na zile sauti zake, usifute hata moja kwa hasira. Halafu njoo inboksi, nikupe namba ya faili la polisi uongeze lako.