TAHADHARI: Datsun 240Z "ya Safari" inayouzwa Malindi. Msitume arubuni

Ndugu wa Malindi, Watamu na Lamu, na nyinyi wa Mombasa mnaopenda magari ya zamani: kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp la Datsun 240Z (gari la michezo la viti viwili kutoka Japani) nyekundu yenye boneti nyeusi, eti ilikimbia mbio za Safari Rally, "ya 1972, mali ya mzee Mwitaliano aliyerudi kwao". Bei milioni 4.5, "mwenye haraka tutaelewana". Kabla hujaliona gari unaombwa arubuni ya 50,000 ya kulizuia, maana kuna mteja wa Mombasa yuko njiani. Mteja huyo yuko njiani tangu mwezi wa pili. Msitume kitu.

Ukiomba kuliona, gari huhama. Kwanza lilikuwa Casuarina, kisha Watamu, na sasa eti limehifadhiwa kwenye nyumba ya mzee huko Shela. Mtu wa Lamu akisikia hivyo anacheka: Shela ni mchanga na vichochoro vya punda, 240Z ilifikaje, ilipakiwa jahazi? Ukienda Lamu na gari lako, unaliacha Mokowe, upande wa bara.

Hiyo 50,000 nayo haikuokotwa tu. M-Pesa inaruhusu hadi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo inapita bila shida, na ni kiasi ambacho wengi wakiliwa huona haya kwenda polisi.

Huyo ni tapeli asiye na gari. Yuko wa pili, na ndiye mgumu zaidi: dalali mwenye gari kweli, ila silo analolisema. Kwake utaliona, utalikalia, litanguruma vizuri, na utalipa mara mbili ya thamani yake. Mengi yanayofuata ni kwa ajili ya huyu.

Anza na picha ya bei. Ukilalamika kwamba ni ghali unatumiwa picha ya mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer: 240Z ya 1971, dola 310,000. Mnada ule ni wa kweli, ulikuwa Januari 2020. Lakini gari lile lilikuwa limetembea maili 21,000 hivi na limetunzwa kama yai. Kupimia bei ya gari la Malindi kwa lile ni kama kupima bei ya shamba la Kakuyuni kwa kiwanja cha ufuoni. Tena tofautisheni bei iliyoombwa na bei iliyolipwa: tangazo likikaa mwaka mzima kwa bei ileile, bei hiyo imekataliwa na soko. Tafuteni magari ya usukani wa kulia yaliyouzwa Uingereza na Australia, kwa sababu ndiyo ndugu wa haya yetu. Hagerty, kampuni ya bima na bei za magari ya zamani, wanayapanga magari kwa madaraja manne: 1 ni la maonyesho, 2 ni zuri sana, 3 ni la kuendesha lenye dosari ndogo, 4 linatembea lakini dosari zinaonekana. Gari lililoishi pwani bila kufunguliwa bodi mara nyingi ni la 4, hata rangi ing'ae vipi.

Halafu ile hadithi ya Safari. 240Z ilishinda Safari mara mbili: 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Gari la ushindi wa 1971 liko Japani, kwenye hifadhi ya Nissan huko Zama. Nyekundu na boneti nyeusi ni makopo mawili ya rangi, si historia. Historia ya mbio huongeza bei ikiwa na makaratasi: picha za wakati ule zinazoonyesha namba ya gari, vyeti vya ukaguzi wa mbio, risiti za timu. Bila hayo inapunguza bei, kwani gari lililokimbia mbio limepigwa. Fungua boneti utazame kwenye vikombe vinavyoshika shoksi za mbele. Ukiona nyufa au mshono wa kuchomelea, hapo ndipo palipopigwa.

Sasa namba. Namba ya chesisi ya 240Z imegongwa moja kwa moja kwenye bati la ukuta kati ya injini na dashibodi, na ipo tena kwenye kibati kidogo ndani ya chumba cha injini. Gari la usukani wa kulia lililouzwa nje ya Japani huanza na HS30. Ukiona HLS30, hiyo L ni ya usukani wa kushoto: mara nyingi gari la Marekani lililogeuzwa. Tafuta matundu yaliyozibwa upande wa kushoto wa ukuta huo, palipopita bomba la usukani na pedali. Giaboksi pia husema: ya Marekani ilikuja na gia 4 au otomatiki, ya usukani wa kulia ya Uingereza na Australia ilikuja na gia 5. RS30 ni 260Z, mdogo wake aliyefuata, na GRS30 ni 260Z ya viti vinne. Hii ya mwisho ndiyo inayobandikwa nembo ya 240Z na kuuzwa kwa bei ya 240Z, wakati thamani yake iko chini sana. Chukua futi ya kamba upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma: 240Z ni sentimita 230 na nusu, ya viti vinne ni 260 na nusu. Sentimita 30 hazifichwi na nembo.

Kwenye namba yenyewe, papasa kwa kidole kuizunguka. Bati lililokatwa kwenye gari jingine na kuchomelewa huacha ukingo, hata likisagwa. Herufi zilizogongwa kwa mkono hupanda na kushuka. Na rangi mbichi pale tu, wakati chumba kizima cha injini kina vumbi la miaka, ni sababu tosha ya kwenda zako.

Namba ya injini iko upande wa plagi, kwenye bloku chini kidogo ya kichwa, karibu na plagi ya sita. Inayotakiwa ni L24, ya sisi (cc) 2393, na namba ilingane na ya kwenye kibati. Ukikuta L28, ya sisi 2753, si dhambi, hata nguvu inaongezeka, lakini gari limepoteza injini yake ya kuzaliwa na bei lazima ishuke. Wengine husaga namba wakagonga L24 juu ya bloku ya L28. Hapo tazama alama zilizosubiwa kwenye chuma chenyewe: N42 au F54 kwenye bloku maana yake L28. Kichwa cha 240Z huwa na E31 au E88.

Pleti nayo isomeni. Namba za mtindo wa KAA 001A, zenye herufi mwishoni, zilianza 1989. Anayeapa kwamba gari liliuzwa jipya Kenya mwaka 1972 na halijatoka mkononi mwa familia, kisha pleti ina herufi ya mwisho, aeleze lilisajiliwa upya lini na kwa nini.

Tuje kwenye kutu, na hapa msiwe na haraka, kwa sababu ndipo pesa zinapozama. Bati la gari hili ni jembamba, na kiwandani halikupewa kinga ya maana. Ongeza Malindi: upepo wa kusi unaleta chumvi miezi mingi ya mwaka, na wengi wanaoshea magari maji ya kisima ambayo nayo yana chumvi. Gari la Nairobi na gari la Casuarina la mwaka mmoja hayawezi kuwa na bei moja.

Nenda na sumaku ya friji iliyofungwa kitambaa chembamba, bisibisi butu, tochi na mkeka wa kulalia. Anza kwenye kisahani cha betri. Asidi hudondoka pale miaka hamsini, inakula kisahani, kisha ukuta, kisha reli ya chesisi iliyo chini yake. Muuzaji mjanja hubadilisha kisahani tu, kwa hiyo ingia chini ugonge reli hiyo kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele hadi chini ya kiti. Bati zima hulia kama sufuria. Lililooza hutoa sauti ya kadibodi. Reli ikiwa na lami nyeusi iliyopakwa juzi, omba ruhusa ya kuikwangua kidogo. Akikataa, umeshapata jibu.

Kisha kingo za chini ya milango, hasa kipande kinachopinda kati ya mlango na gurudumu la nyuma. Pitisha sumaku polepole: inaponata kwa nguvu ni bati, inapoteleza ni filla au faibaglasi. Fundi wa bodi mwenye mashine ya kupima unene wa rangi atakuambia zaidi: rangi ya kiwandani huwa mikroni 100 hadi 180 hivi, mara mbili ya hapo imepulizwa upya, na ikipita 1,000 chini yake kuna filla. Inua zulia la buti, toa gurudumu la spea, tazama shimo lake. Inua mpira wa mlango wa nyuma, tazama ukingo wa chini. Vua kifuniko cha matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele kama atakubali, majani yaliyooza hukaa humo yakishika maji.

Mwisho, fungua mlango nusu, shika ncha yake uinue. Ukicheza, huenda ni bawaba tu, kazi ya siku moja. Lakini weka jeki chini ya gari, inua kidogo upande mmoja: nafasi kati ya mlango na bodi ikibadilika, sakafu na reli hazibebi tena gari. Hilo ni gari la kununuliwa kwa bei ya spea, na msibishane na muuzaji.

Injini ya L24 ni ngumu kufa, haihitaji maneno mengi. Fika likiwa baridi. Ukikuta boneti ina moto, limewashwa kabla ili lisiwake kwa shida mbele yako. Likishapata moto, fundi atoe plagi zote sita na kupima mgandamizo huku kabureta zimefunguliwa kabisa. Kati ya psi 150 na 180 kwa kila silinda ni hai, na tofauti ya juu na chini isipite asilimia 10. Silinda dhaifu itiwe kijiko cha oili ipimwe tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya kichwa imeungua katikati yake. Maili 45,000 kwenye saa ya mwendo msiziamini. Ina tarakimu tano tu, ikipita 99,999 inarudi sifuri.

Hesabu ya bei sasa, kwa namba za mfano. Tuseme 240Z ya daraja la 3, usukani wa kulia, ni milioni 4. Gari ulilokagua linataka reli na sakafu 450,000, rangi 300,000, mipira na vioo 150,000: jumla 900,000. Zidisha mara moja na nusu, kwa sababu bodi ikifunguliwa kutu huwa zaidi ya uliyoiona, na spea nyingi zitaagizwa nje kwa nauli na ushuru. Hiyo ni 1,350,000. Injini si yake, toa 400,000. Bei ya haki ni 2,250,000, na hapo ndipo unapoishia kupanda. Anayekwambia "mwenyewe ametumia milioni mbili kulitengeneza" anakuuzia gharama zake. Wewe unanunua gari. Dashibodi iliyopasuka iwekeni upande wa kupunguza, karibu zote zimepasuka kwa jua.

Makaratasi. Pata rekodi ya gari ya NTSA kupitia eCitizen wewe mwenyewe, usipokee picha yake. Jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho cha anayeuza, na namba za chesisi na injini zilingane na ulizozisoma kwenye chuma. Tafuta pia kwenye sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyo chini ya sheria ya 2017, kwani logibuku inaweza kuwa imewekewa mkopo. Akisema gari lipo bandarini Kilindini linasubiri ushuru, kumbuka kanuni ya KS 1515 inazuia gari lililozidi miaka 8. Akuonyeshe kibali cha maandishi kilichoruhusu la 1972. Lenye pleti za kigeni lililoingia kwa karneti (hati ya kuingiza gari kwa muda) linatakiwa litoke nchini, si kuuziwa wewe.

Pesa zikae kwa wakili wako, mkataba utaje namba zote mbili, na zitoke baada ya yeye kuanzisha uhamisho kwenye mfumo na wewe kuuthibitisha. Kama ni lazima arubuni, iwe baada ya ukaguzi, kwa jina lililo kwenye rekodi, na mkataba useme inarudi namba zisipolingana.

Aliyekwisha kutuma 50,000: peleka ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, sasa hivi, kila dakika inampa nafasi ya kuzitoa. Kisha nenda kituo cha polisi na picha za mazungumzo yote, namba ya simu na jina lililotokea M-Pesa, na usiondoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio).