Maktaba ya Cecil Sharp House, Camden: nyota 4, ya tano nimemnyima mwenye jina

Najua mtajiuliza Mbongo anatafuta nini kwenye maktaba ya nyimbo za zamani za Waingereza. Mimi nafanya kazi ya kea hapa London, kuna bibi namhudumia, ana miaka 91, kwao Somerset, sasa kila nikishika pasi anaanza kuimba wimbo wa binti mmoja anayefua Jumatatu, anaanika Jumanne, Jumatano anatia wanga, Alhamisi anapiga pasi, halafu akifika Ijumaa anakwama. Anarudi mwanzo. Wiki nzima Jumatatu mpaka Alhamisi, yaani hata mimi ikawa inaninyima usingizi. Binti yake anasema ni wimbo wa ukoo wao, umetoka kwa mabibi huko. Nikasema ngoja niwatafutie hiyo Ijumaa.

Kwanza nikaliwa hela na programu moja ya simu, jina naacha, eti unaimba yenyewe inakutajia wimbo. Nikaimba jikoni kwa moyo wote ikaniletea disko. Basi kaka mmoja wa kwaya akaniambia acha kuhangaika, nenda Camden.

Jengo ni la matofali mekundu, lipo Regent's Park Road, ukishuka stesheni ya Camden Town unatembea kidogo tu. Lilifunguliwa 1930, bomu likalipiga 1940 wakati wa vita, likafunguliwa tena 1951. Maktaba yenyewe inaitwa Vaughan Williams Memorial Library, kwa jina la yule mtunzi ambaye naye alizunguka vijijini kuandika nyimbo. Kuingia bure. Ni ndogo, usiende na picha ya British Library kichwani, lakini kwa mtu anayetafuta wimbo mmoja udogo ni raha maana hupotei.

Kilichonimaliza ni faharasa yao. Kuna bwana anaitwa Steve Roud, alikuwa mkutubi Croydon huko, kazi yake ya mshahara ilikuwa vitabu vya historia ya mtaa, lakini kwa muda wake mwenyewe tangu miaka ya 1970 akawa anaandika kadi moja moja, wimbo huu umeimbwa na nani, kijiji gani, nani aliuandika, zikajaa, baadaye akazihamishia kwenye kompyuta. Kila wimbo akaupa namba. Sasa hivi ni karibu nyimbo 25,000 za Kiingereza. Mimi naiona kama namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa Bongo, wimbo ubadilishe jina, uhamie Marekani, upoteze beti tatu, namba ni ile ile. Scarborough Fair ni namba 12. Barbara Allen 84. Na hata kama uko Dar au Mombasa unaifungua kwenye tovuti yao bila kulipa senti, sasa fikiria taarab au nyimbo za vanga zingepata kichaa mmoja kama huyu mwenye makasha ya kadi.

Wa bibi yangu ni namba 869. Ijumaa anakunja! Jumamosi anazipigisha hewa, Jumapili anazivaa. Nilicheka peke yangu, mtu wa meza ya pili akageuka.

Halafu ndipo nikamjua huyo Cecil Sharp ambaye nyumba ina jina lake. Alisoma hesabu Cambridge, akaenda Australia akafanya kazi benki, akarudi akawa mwalimu wa muziki, na mpaka karibu miaka 40 hakuwa na habari na nyimbo za wakulima. 1903 yuko Somerset kwa rafiki yake kasisi, akamsikia mtunza bustani anayeitwa John England akiimba huku anafanya kazi, akatoa kalamu papo hapo. Huo wimbo leo ni namba 3. Kuanzia hapo hakutulia, aliandika karibu tuni 5,000 mpaka anakufa 1924. Kati ya 1916 na 1918 alizunguka milima ya Appalachia kule Marekani na msaidizi wake Maud Karpeles, huku ana pumu, akiwatafuta wajukuu wa Waingereza waliohamia huko. Mtu wa kazi, simkatalii.

Lakini maneno ya uchumba uchumba aliyafuta au kuyalainisha kabla ya kuchapisha, ndio nyimbo zikaingizwa mashuleni zikiwa zimeogeshwa na kuchanwa nywele. Na shajara zake za Marekani zimeskaniwa ziko wazi, mtu mweusi ukisoma anavyowaongelea weusi aliopishana nao utafunga ukurasa kidogo upumue. Nawapongeza maktaba kwa kutoficha. Nyota nimemkata yeye, sio wao. Tena jumba lingeitwa John England House kungeharibika nini? Mzee wa watu ndiye aliyekuwa na wimbo.

Ushauri kwa anayetaka kwenda: angalia kwanza siku za kufungua, tafuta namba ya wimbo wako ukiwa nyumbani ndio uende nayo, na kama unataka kuona zile nakala safi alizoandika Sharp kwa mkono, asili zake ziko Clare College, Cambridge, usije ukajisumbua.

Jumatatu iliyofuata nikapanga nguo, bibi akaanza, tulipofika Alhamisi nikaingia na Ijumaa. Akaninyamazia, kisha akaimba mpaka Jumapili bila kukosea, na alipomaliza akaniambia walikuwa wanaimba wote darasani, mwalimu kwenye piano, anayekosea anasimama kwenye kona. Kumbe shule! Binti yake bado anasema wa ukoo, mimi sijamwambia kitu.