Kozi ya jioni ya kujiandaa na udaktari, Kadutu: alama tatu zina uzito gani?

Mpwa wangu alipata asilimia 67 katika Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, mchepuo wa biolojia na kemia, akashinda akilia wiki nzima kwa sababu jirani yake alipata 70. Nilimpeleka kwenye kituo kidogo cha masomo ya jioni hapa Kadutu, Bukavu, kinachowaandaa vijana kwa mtihani wa kujiunga na kitivo cha udaktari, kwa dola 25 kwa mwezi.

Kilichonivutia ni siku ya kwanza. Mwalimu alionyesha kwa chaki kwamba katika jaribio la maswali 40, swali moja lililokosewa huondoa asilimia 2.5, kisha akamgeukia mpwa wangu: "Mama, hizo tatu unazozililia ni swali moja na kidogo." Kwa kuwa huku Kongo diploma ya sekondari hutolewa kuanzia asilimia 50, tofauti hiyo haimnyimi mtu diploma, bali inauma pale nafasi zinapokuwa chache na watahiniwa wakapangwa kwa mfuatano, maana hapo hata nusu alama humwacha mtu nje. Hilo nalo alilisema waziwazi, bila kuwabembeleza.

Mazoezi ya fizikia ni mazuri sana. Ya kemia, kwa macho yangu, yamenakiliwa kutoka silabusi ya zamani. Benchi hazitoshi, na umeme ukikatika, jambo ambalo hapa kwetu halimshangazi mtu, somo huendelea kwa tochi za simu. Hata hivyo nimelipa mwezi wa pili.