Sproketi za Chopa ya Kujenga Mwenyewe: Ipi Ununue kwa Njia za Mtwara na Lindi

Anayejenga chopa, yaani pikipiki iliyorefushwa mbele, huku kwetu huanza na shokapu ndefu za mbele, tanki na usukani. Sproketi, yale magurudumu ya meno yanayopitiwa na cheni, anazikumbuka siku ya kuwasha. Pikipiki inapendeza ikiwa imesimama, lakini ikiingia njia ya mchanga ya mashamba ya korosho inakosa pumzi. Nazungumzia chopa zinazotokana na pikipiki za cc 125 na 150, ndizo nyingi Mtwara na Lindi.

Kabla ya kwenda dukani, pima tairi la nyuma. Tairi la 3.00-18 lina kipenyo cha karibu sentimita 61. Wengi tunaling'oa tukaweka nene la 130/90-16 ili nyuma iwe na mwili. Rimu imepungua, ila tairi lenyewe linafika karibu sentimita 64, kwa hiyo kila mzunguko injini inasukuma safari ndefu zaidi kwa kama asilimia 5. Ukiwa na meno 14 mbele na 42 nyuma, gawa 42 kwa 14 upate 3. Ukishafunga tairi nene, ni kama umebaki na 2.85, na namba hiyo ikishuka nguvu ya kuvuta inapungua.

Chopa yangu ya kwanza sikupiga hesabu hiyo, na juu yake nikafunga 15 mbele kwa kutaka mbio. Kwenye lami ya kwenda Mikindani nilifurahi. Siku ya kupanda Newala na abiria, gia ya pili ilishindwa, ya kwanza ikalia kwa uchungu, klachi ikaanza kunuka. Abiria alishuka akamalizia mlima kwa miguu.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa seti nzima ya chuma: cheni ya saizi ya 428H, meno 14 mbele, 44 au 45 nyuma. Kwa tairi nene, 44 inakurudishia nguvu uliyoipoteza. Anayepanda Newala au Tandahimba mara kwa mara, au anayebeba mtu, achukue 45. Nunua vyote vitatu kwa pamoja, kwa sababu cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huisha haraka sana. Angalia na urefu: ukiongeza meno matatu nyuma, cheni inataka kama pingili moja na nusu zaidi, na kama fundi amerefusha swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, utahitaji nyingi kuliko zilizomo kwenye boksi. Pima fremu yako, usikadirie kwa macho.

Ya pili ni kubadilisha ya mbele peke yake, kutoka 14 kwenda 13. Jino moja mbele linafanya kazi ya meno kama matatu nyuma, na hakuna njia ya bei nafuu kuliko hii. Kasoro yake, cheni inajikunja zaidi kwenye duara dogo na inachakaa mapema. Kwa mwenye mfuko mdogo ni sawa, ila chini ya 13 mimi sishuki.

Cheni nene ya 520 au 530 naiweka ya tatu. Inavutia macho, nakubali, lakini pingili zake ni milimita 15.875 wakati za 428 ni 12.7, hivyo sproketi zote mbili lazima zibadilike, na ya mbele inayoingia kwenye shafti ya injini ndogo ni shida kuipata. Usikubali fundi aichomelee. Ikiachia ukiwa kwenye mwendo, cheni inaweza kukufungia gurudumu la nyuma.

Alumini ni ya mwisho. Ni nyepesi, ila mchanga unayala meno yake haraka kuliko ya chuma.

Dukani nenda na sproketi yako ya zamani, uzilaze moja juu ya nyingine mpaka matundu ya bolti yalingane. Ukiuziwa cheni ya 428 iliyotumika, ivute inyooke kisha pima pingili 20: mpya ni milimita 254. Ikifika 259, iache hapo hapo.

Wakati wa kufunga, tairi nene ndilo linaloleta tabu, linasogea kuelekea kwenye cheni. Vuta uzi kutoka sproketi ya nyuma hadi ya mbele. Usipolala sawasawa, rekebisha kwa spesa, vile vipande vya kujazia nafasi, kabla hujawasha. Kati ya cheni na tairi mimi huacha nafasi ya kidole kizima, maana tairi linatanuka kwa joto na mwendo. Oili chafu usiimwage kwenye cheni, ikishika mchanga inasaga kama msasa. Na ile klipu ya kuungia, upande wake uliofungwa utangulie kule cheni inakokwenda, ule wa wazi ubaki nyuma.