Uzoefu wangu: mashine ya RO yenye resini kwa akwariamu ya maji ya bahari

Ninaishi Dar es Salaam, hatua chache kutoka ufukweni, na kila anayeiona akwariamu yangu huuliza kwa nini nahangaika kusafisha maji kwa mashine ya RO, yaani inayosukuma maji kupita kwenye utando unaozuia madini, ilhali bahari ipo jirani. Sababu ni kwamba kinachopotea kila siku ni maji, si chumvi. Maji yanapogeuka mvuke chumvi hubaki, na ukijazia kwa maji ya bahari, kiwango cha chumvi hupanda kupita zile gramu 35 hivi kwa kilo ambazo matumbawe yamezizoea. Kwa hiyo hata anayechota baharini hana budi kuwa na maji matupu ya kujazia.

Maji yetu ni ya kisima kirefu, na kipimo cha TDS huonyesha karibu 1,100, yaani miligramu za madini yaliyoyeyuka katika kila lita. Kuyachemsha huua vijidudu tu. Madini hubaki na kukolea zaidi. Mkaa nao huondoa klorini na harufu, lakini nitreti na silika, madini yanayolisha mwani, hupita. Maji ya betri niliyafikiria, ila katika duka moja niliyaona yamepangwa rafu moja na asidi, chupa zikifanana, na hapo mjadala ukaisha.

Nilinunua mashine ya hatua nne: kichujio cha mashapo cha maikroni 5, kichujio cha mkaa, utando wa RO, na mwishoni silinda ya resini, yaani chembechembe zinazonasa madini yaliyosalia. Utando umeniridhisha, kwani maji ya 1,100 hutoka yakiwa na 60 hivi. Hata hivyo, matokeo hayo yanategemea pampu ya kuongeza presha, maana maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi la juu ya nyumba hayana nguvu ya kutosha, na utando usiosukumwa vizuri hutoa maji kidogo tena huachia madini mengi. Mwenye tangi la namna hiyo aihesabu pampu kuwa sehemu ya bei.

Gharama halisi iko kwenye resini, ambayo ndiyo inayoishusha ile 60 hadi 0. Mwenye maji ya bomba ya TDS 150 hubakiwa na chini ya 10 baada ya utando, hivyo resini ya kiasi kilekile itamsafishia maji mara sita au saba ya yale inayonisafishia mimi. Ya kwangu hugeuka kutoka buluu kuwa kahawia, nami huibadilisha kabla kahawia haijafika juu, bila kusubiri kipimo kiache kusoma 0. Silika hushikwa kwa ulegevu na huponyoka mapema, na kipimo hakiitambui vizuri. Utaijua kwa tabaka la mwani wa kahawia kwenye kioo cha akwariamu.

Kila lita safi huacha lita tatu hadi nne za maji ya kumwaga, ambayo kwangu huwa na chumvi nyingi kuliko ya kisima chenyewe, kwa hiyo huyapeleka chooni na si kwenye bustani.

Kwa maji kama yangu ningeichagua tena, mradi resini ipatikane. Maduka ya mashine za maji ya kunywa niliyopita yalikuwa na vichujio na utando tu. Resini niliiagiza pamoja na ya akiba, nayo ninaihifadhi katika mfuko uliofungwa barabara, kwa kuwa ikikauka huharibika.