Kamera ya harusi: nimezipanga kwa jinsi zinavyostahimili taa za ukumbini

Picha mnazonitumia zinafanana. Bibi harusi kasimama mbele ya skrini kubwa ya LED, gauni limemkaa, fokasi iko jichoni, halafu usoni pamepita mistari: mweusi, zambarau, mweusi tena, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Chini yake swali ni lile lile: "Dada, kamera imeharibika?" Wengine mmeshaipeleka kwa fundi. Fundi kasafisha sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, kachukua hela yake, na Jumamosi iliyofuata mistari imerudi.

Kamera haijaharibika. Mmeuziwa kamera inayosoma sensa yake polepole na hakuna aliyewaambia, kwa sababu kila anayeandika kuhusu kamera za harusi huanza na megapikseli. Megapikseli 20 zinatosha albamu na ile picha kubwa ya sebuleni, kwa hiyo hilo nalifunga hapa. Saizi ya sensa nayo: chukua kubwa, ile ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, tuendelee.

Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa inayoutegemea moja kwa moja huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Macho hayaoni. Taa za LED za mapambo zina mambo yake zaidi. Mpambaji anapozififisha kwa rimoti, nyingi hazipunguzi mwanga kikweli, bali zinazimwa na kuwashwa kwa kasi, mara mamia au hata maelfu kwa sekunde, na kadiri anavyozififisha ndivyo muda wa kuzimwa unavyorefuka. Skrini ya nyuma ya meza kuu hufanya vivyo hivyo. Umeme ukikatika na jenereta la ukumbi likashika, usitegemee tena kwamba hezi 50 zitakuwa 50 kamili.

Sasa upande wa kamera. Shata ya mitambo, ile yenye mlio, pazia lake hupita mbele ya sensa kwa muda wa kama 1/250 ya sekunde. Shata ya kielektroniki haina pazia. Sensa inasomwa mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, na kwenye kamera za polepole usomaji huo huchukua karibu 1/15 ya sekunde. Piga hesabu: ndani ya muda huo taa ya kawaida imeshawaka na kufifia zaidi ya mara sita. Sehemu ya picha iliyosomwa taa ikiwa juu inang'aa, iliyosomwa taa ikiwa chini inakuwa giza. Ndiyo mistari yenu hiyo.

Mtego huanzia kanisani. Padri hataki kelele, nawe unawasha shata ya kimya, ambayo ni hiyo hiyo ya kielektroniki. Ni mchana, madirisha makubwa, picha zinatoka safi. Kwenye nikaha msikitini ni hivyo hivyo. Jioni mnahamia ukumbini na shata bado iko kimya, ama kwa kusahau ama kwa kuwa umeshaupenda ule ukimya. Maharusi wanaingia wakicheza, unapandisha spidi ya shata hadi 1/400 ya sekunde wasitoke na ukungu, na hapo uso unajaa mistari. Flashi ingekuokoa, lakini kwenye kamera nyingi flashi haiwaki kabisa kwa shata ya kielektroniki. Kuisafisha baadaye kwenye kompyuta ni sawa na kumchora mtu sura upya, na kamati ya harusi haikuweka fungu la kazi hiyo.

Kwa hiyo nimezipanga kwa kigezo hicho kwanza. Na niseme mapema msije mkanishtaki: mimi ni mtu wa Canon.

1. Canon EOS R6 Mark II

Ilitoka mwishoni mwa 2022, megapikseli 24.2, kadi mbili za SD. Sensa inasomwa kwa takribani 1/70 ya sekunde, mara kadhaa haraka kuliko zile zinazowatesa. Lakini kilichoipandisha hapa juu ni kipengele cha menyu ambacho wauzaji hawakijui: kamera inapima taa zilizopo, inagundua kasi ya kuwaka na kuzima kwake, kisha inakupangia spidi ya shata inayoendana nayo, hata kama ni spidi ya ajabu yenye desimali. Hii ni tofauti na ile kinga ya zamani inayojua taa za mara 100 na 120 tu. Fika ukumbini kabla ya wageni, mwombe mtu wa mapambo awashe kila kitu kama kitakavyokuwa usiku, pima, weka spidi, usiiguse tena mpaka abadilishe rangi.

Sababu ya pili ni ya mtaani kwetu. Wapiga picha wengi wa Dar, Arusha na Mwanza walikulia kwenye Canon za zamani, na lenzi za EF zimejaa. Ukiweka adapta ya Canon yenyewe, lenzi ya EF ya miaka kumi iliyopita inafanya kazi kwenye R6 Mark II bila manung'uniko, fokasi na kila kitu. Lenzi yako ikigoma Ijumaa usiku, kuna kaka au dada wa kumpigia simu akuazime. Hilo halimo kwenye jedwali lolote la sifa za kamera, lakini ndilo litakalokuvusha Jumamosi.

2. Nikon Z6 III

Najua watu wa Nikon watauliza kwa nini si ya kwanza. Kwa taa peke yake, haikosi kitu. Ilitoka 2024, megapikseli 24.5, sensa ya muundo mpya inayosomwa kwa kasi sawa na hiyo Canon au hata kuizidi kidogo, na nayo ina kinga ya taa za kasi. Kioo chake cha kuchungulia kinang'aa sana, raha kwenye harusi za ufukweni saa nane mchana. Nimeishusha kwa sababu mbili. Nafasi moja ya kadi ni ya CFexpress, kadi ghali ambayo hutaipata usiku wa kuamkia harusi. Na lenzi za Z, yaani za Nikon hizi mpya, za kuazima hapa kwetu, ni za kutafuta kwa tochi.

3. Canon EOS 5D Mark IV

Ndiyo, ya 2016. Ina kioo ndani kinachoakisi picha hadi jichoni kwako, tofauti na kamera mpya "zisizo na kioo", ina mlio, na kwa sababu hiyo hiyo haina ugonjwa tunaouzungumzia: unapochungulia na kubonyeza, ni shata ya mitambo kila mara. Megapikseli 30.4, kadi mbili, moja CF na moja SD, pamoja na kinga ya taa za mara 100. Si kwamba haiguswi kabisa. Ukipiga 1/1000 mbele ya skrini ya LED, pazia la mitambo nalo hupita kama ufa mwembamba na mistari hafifu itajitokeza. Shuka hadi 1/100, mzunguko mzima wa taa ya kawaida unaingia kwenye picha, yanaisha.

Shida zake: fokasi haimfuati mtu anayecheza hadi pembeni ya fremu, na padri atakugeukia. Lakini kama una hela ya kamera moja iliyotumika na harusi zako ni za ukumbini zaidi, ningeichukua hii kabla ya nyingi zisizo na kioo.

4. Sony A7 IV

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotoka, pamoja na ya mtangulizi wake A7 III ya 2018. Megapikseli 33, fokasi ya macho nzuri kuliko zote nilizozitaja, video nzuri, na lenzi za Sigma na Tamron zinazokuokolea hela nyingi. Canon kwa miaka imewabania kampuni hizo kwenye lenzi za RF, zile za kamera zake zisizo na kioo, za sensa kubwa, na kwa hilo siitetei. Tatizo ni usomaji wa sensa: ukiwasha kimya, ni ile 1/15 niliyoieleza. Ukinunua A7 IV, ingia kwenye menyu leo, weka shata ya mitambo, na ukimya uwe wa kanisani tu. Ukifanya hivyo ni kamera nzuri. Niliowasiliana nao wote walikuwa wameacha kimya kimewaka.

5. Canon EOS R6 ya kwanza

Ya 2020, megapikseli 20.1, kadi mbili. Haina kile kipimo cha taa za kasi. Tumia shata ya mitambo, utaishi nayo vizuri.

Zile za bei ya chini: Canon 6D, 6D Mark II na RP zote zina kadi moja tu, ikifa na harusi imekwenda nayo. R8 ina sensa ya R6 Mark II na kipimo kile kile cha taa, ila kadi moja na betri ndogo, na harusi zetu zinaanza saluni asubuhi na kuisha saa saba usiku. Kama bajeti imebana kweli, Nikon D750 ya 2014 ina kadi mbili za SD na shata ya mitambo. Inatosha.

Lenzi

Usimruhusu mtu akuuzie bodi, yaani kamera yenyewe, pamoja na ile RF 24-105 ya f/4-7.1. Namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo. Ukivuta hadi mwisho, inaingiza mwanga chini ya moja ya sita ya lenzi ya f/2.8. Ukumbini hiyo ina maana kila ukipangiwa spidi salama na kamera, utalazimika kuikimbia kutafuta mwanga. Anza na 24-70 ya f/2.8. EF ya toleo la pili (2012) haina kituliza mtikisiko, lakini R6 Mark II inayo ndani ya bodi. Asiyeimudu hiyo aangalie RF 28-70 f/2.8 ya STM iliyotoka 2024, nyepesi kwa gramu chini ya 500, mkono haufi kabla ya ndafu kuingia. Ya pili ni 70-200 f/2.8, kwa sababu makanisa mengi hayaruhusu kusogea madhabahuni. EF 85 f/1.8 kwa sura za bibi harusi. 50 f/1.8 kama umebakiwa na chenji.

Lenzi iliyotumika ikaguliwe kuvu, hasa ukinunua Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar. Unyevu wa pwani hauna huruma. Fungua tundu lote, mulika tochi ya simu kutoka nyuma, tazama kutoka mbele. Ukiona kitu kama nyuzi za buibui, iache hapo hapo.

Na flashi: kabla ya kuielekeza juu, tazama dari. Vitambaa vya zambarau vikirudisha mwanga, wageni wote wanakuwa zambarau, na ngozi zetu nyeusi ndizo zinazopoteza rangi yake kwanza. Hakuna kamera kwenye orodha hii inayotibu hilo.

Kuhusu wauzaji

Jaribio la kufanya dukani ni la dakika moja. Washa shata ya kielektroniki, weka 1/500, piga picha ya bango la LED la duka lenyewe, vuta picha uitazame. Rudia kwa shata ya mitambo. Umeshajua kila kitu unachohitaji kujua. Sasa jaribu kuomba hilo Kariakoo. Betri haina chaji. Kadi hatuna. Boksi likifunguliwa umenunua. Winga aliyekupeleka anakuambia "sista, hii ndiyo wanatumia wote," na ukimuuliza wote ni akina nani anakutajia bei. Bodi yenyewe haipo dukani, iko stoo, na ikifika imetoka duka la jirani ikiwa imeshaongezwa cha juu.

Na bei. Mtandaoni ni "njoo inbox", kana kwamba tunanunua siri. Kwa miaka walitutajia kwa dola, na dola ilipopanda, bei ilipanda mchana huo huo. Mwishoni mwa 2024 shilingi ikapata nguvu, bei hazikusogea. Zilipokuja kanuni za 2025 za kukataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, wakaanza kusema kwa shilingi, lakini dola wanayoipigia hesabu kichwani ni ile ya zamani. R6 Mark II ilizinduliwa Marekani kwa dola 2,499 bodi tupu, Z6 III na A7 IV nazo zilizinduliwa hapo hapo. Nendeni na namba hiyo na bei ya benki ya siku hiyo, ongezeni usafiri na kodi kwa haki, halafu muulize kilichobaki ni cha nini.

Mkikubaliana, daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye namba ya bodi iliyochapwa kwenye kamera yenyewe. Mtaambiwa mkitaka risiti bei ni nyingine. Kwa kamera ya mamilioni, bila risiti hiyo hata waranti ya mdomo aliyokupa haina pa kushikia, kwa hiyo hapo mimi hugeuka nikaenda duka linalofuata.